Sahani ya Delmi

Zadock Odongo hakuwa mpishi. Alikuwa kuli bandarini Kisumu, mtu wa kula ugali na kunyamaza, hadi alipomwoa Delmi, muuguzi kutoka El Salvador. Delmi akamfungulia hoteli ndogo hapa Kisian, ubavuni mwa cherehani yangu, wakaanza kupika pupusa za kwao.

Mahindi huchemshwa na majivu, husagwa yangali na maji, kisha donge hupigwapigwa viganjani, hujazwa maharagwe na jibini tumboni na kuchomwa hadi jibini ichuruzike na kuungua ukingoni. Pembeni, kabichi iliyolala kwenye siki na pilipili. Mimi ni mgumu wa kusifu chakula cha mtu, lakini hiyo pupusa ilinifanya nisahau magauni ya harusi ya watu mezani. Delmi mwenyewe kila mara alikula kabichi kwanza, yote, ndipo aguse pupusa. Nilimcheka sana kwa hilo.

Mwaka jana alipanda boti kwenda matanga kisiwani Rusinga. Boti ikapinduka, wenzake wakapatikana, yeye ziwa likakaa naye. Wazee wakafanya inavyofanywa mwili ukikosekana: walizika yago, lile tunda refu la mwegea, mahali pake, wakalililia kama mtu. Zadock akaanza kulala barazani mwa hoteli. Desturi ya kwao Zadock, mume aliyefiwa halali ndani mpaka mkewe amjie ndotoni. Akishamwota, amefunguliwa, anaweza kurudi ndani. Zadock alilala nje masika yote bila kuota chochote, akakonda mpaka nikampunguzia suruali.

"Hajaenda, Mama Lorine," aliniambia. "Na mimi siendi popote."

Kila asubuhi pupusa ya kwanza aliiweka kwenye sahani ya Delmi, mbele ya kiti chake cha dirishani. Hakuna aliyekikalia. Jioni aliwamwagia kuku. Kuku wenyewe waliizunguka, wakaondoka bila kudonoa. Niliogopa, nikahamisha cherehani yangu mbali na lile dirisha.

Siku moja akaingia Hemedi, dereva wa lori la simenti, mgeni kabisa. Zadock alikuwa jikoni. Hemedi akakalia kile kiti, akala kile chakula, akaramba vidole. Zadock alipotoka na kumwona, aliokota sahani tupu akarudi nayo jikoni. Hemedi akaenda zake akidhani amekaribishwa vizuri.

Baada ya siku chache alirudi, macho mekundu.

"Mzee, chakula yako imenifuata. Nikilala tu naona mama mgeni, nywele inatiririka maji. Anapiga unga kwa mikono. Ananiangalia, anaona si mimi anatafuta, anahuzunika. Anauliza kitu moja tu."

Zadock alishika mlango. Wivu nao ulikuwemo usoni mwake, sitaficha: ndoto aliyoingoja kwenye baridi ilikuwa imempita, ikaenda kwa dereva.

"Anauliza nini?"

Hemedi hakujua lugha ile. Aliitamka polepole, kipande kwa kipande: "Ya comiste, viejo?"

Maneno hayo niliyasikia kupitia ukutani kila adhuhuri Delmi alipokuwa hai. Yaani, umeshakula, mzee?

"Na umekula?" nikamuuliza Zadock kwa ukali. "Tangu tuzike, umewahi kuonja hii kitu unapikia watu?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa akiishi kwa chai ya rangi.

"Yawa, jamani, ningekula aje bila yeye?"

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimvuta shati, nikamkalisha mezani mkabala na kile kiti, nikaweka sahani mbili za pupusa na kabichi, yake na ya Delmi. Alikula akilia, jibini ikimning'inia kidevuni, akaongeza, akaongeza tena. Hemedi alikuwa ameshalala kwenye benchi la nje, akikoroma kwa amani. Niliwaacha hivyo, moyo wangu mwepesi.

Asubuhi nilikuta mkeka wa barazani umekunjwa. Zadock alikuwa chumba cha nyuma, kitandani mwake, amelala usingizi mzito huku anatabasamu. Nikapita kuondoa vyombo.

Sahani yake ilikuwa tupu. Kiti cha dirishani kilikuwa kimelowa, na maji yalikuwa bado yakidondoka chini yake. Kwenye sahani ya Delmi pupusa ilikuwa nzima, haijaguswa. Kabichi ilikuwa imeisha yote.