Nilichagua Chumba cha Meli Nikiwa Mlangoni

Nilisafiri kwa sababu ya nyonga ya baba mkwe wangu. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, Mzee Wambura, baba wa mume wangu, alikubali kuhama kwa shingo upande, tena kwa sharti moja: miti ya paa la nyumba yake ibebwe, na yeye apande juu yake asije mtu akaiiba njiani. Lori likayumba kwenye korongo, naye akaanguka, mti mmoja kaukumbatia kifuani. Miezi miwili akalala katika kijiji kipya karibu na Butiama, mguu wa kushoto haugusi hata ardhi. Mganga wa zahanati akatuambia bila kuficha: "Mwanza yupo daktari wa mifupa. Anaondoka Ijumaa ya wiki ijayo, sijui kama atarudi. Mkimfikisha kabla ya hapo, mzee atatembea. Mkishindwa, mzoesheni kulala."

Sasa nani ampeleke? Mume wangu alikuwa anafundisha Lindi na ruhusa alinyimwa. Shemeji yangu Marwa hakuweza kuwaacha ng'ombe, na Kiswahili chake kilimtosha kuomba maji ya kunywa tu. Nikabaki mimi, Mama Nyangeta, mwalimu wa kisomo cha watu wazima pale Kabasa, Bunda, mwenye mdomo, kama wanavyonisema. Mvua ilikuwa imeikata barabara ya Mwanza vibaya, na mganga alishakataza: "Mashimo yale yatammaliza. Mpelekeni kwa meli." Kwa hiyo, ili twende kusini, ilitubidi kwanza twende kaskazini, Musoma.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi Bunda, peke yangu, kwenda Musoma kuchagua chumba. Mama niliyekaa naye alicheka mpaka akajishika tumbo. "We mwalimu! Chumba cha meli kinachaguliwaga kama kanga?"

"Kinachaguliwa, ukiwa na mtu asiyeweza kupanda ngazi," nilimjibu. Ndani ya kikapu nilikuwa na kamba niliyompimia mzee. Fundo la kwanza lilikuwa upana wa kiti chake cha mikono, kile ambacho tungembebea, na fundo la pili urefu wa mguu usiokunjika. Nilijiona nina akili za kuazimisha watu.

Saa tano nilifika bandarini. Meli ilikuwa imetia nanga gatini, na karani wa tikiti, mtu mzima mwenye miwani, akamwita mhudumu anitembeze. Vyumba vya juu vilikuwa vizuri, vina madirisha na upepo, lakini ngazi zake kumi na nne, nyembamba na zimesimama wima. Nikakataa. Cha chini kilikuwa karibu na mashine, moto kama tanuri, kizingiti chake cha chuma kinanifika magotini. Nikakataa. Cha tatu kilikuwa usawa ule ule mtu anaoingilia kutoka gatini, na choo kiko hatua sita tu. Nikatoa kamba, nikapima mlango. Kiti kinapita, na nafasi ya vidole vinne inabaki. Nikachungulia ndani: kitanda kimoja, shuka jeupe, kimo cha goti, kimekaa upande ambao mzee angetangulia kushusha mguu mzima. Nikasema hiki hiki.

"Ingia basi ukione vizuri," mhudumu akasema.

"Nakiona."

"Ingia, mama. Kaa hata kitandani, ujue kama kinalalika."

Niliruka nyuma kama nimekanyaga kaa la moto. "Kitanda cha baba mkwe wangu? Wewe una wazimu?"

"Huyo mkwe wako yuko wapi?"

"Butiama."

"Sasa hiki kimekuwa chake saa ngapi?"

"Tangu niliposema hiki hiki," nikamwambia, na yeye akaangua kicheko.

Msiotoka kwetu labda mtacheka kama yeye. Kwetu mke haingii anapolala baba wa mumewe. Chakula chake naacha mlangoni, nakohoa, naondoka. Niliolewa miaka kumi na miwili iliyopita na mpaka siku ile sikuwa najua kitanda chake kimeelekea wapi. Ukivunja mwiko huo, mmeaibika wote wawili, na wazee hawana budi kukaa na kondoo kuchinjwa. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, tena jioni nawafundisha watu wazima waachane na mambo ya kale. Lakini hili sikuwa nalihesabu hata kidogo kuwa jambo la kale. Kwangu lilikuwa adabu tu, kama kuvaa nguo. Nikarudi kwa karani nikamwambia chumba namba fulani, mgonjwa hajiwezi, mimi ndiye msindikizaji. Akaandika, akanipa tikiti mbili. Yangu sikuisoma, mwalimu mzima, kwa kuwa nilijua nitakaa nje sitahani na wenzangu.

Jumanne mchana tulimtoa mzee Butiama. Marwa alikuwa ameazima gari la chama cha ushirika, tukalitandika majani ya migomba na magodoro mawili. Mzee alikuwa amevaa koti lake la mikutano. Njiani hakulalamika hata mara moja, ila kila tuliporuka shimo alifumba macho, na Marwa akawa anaendesha huku machozi yanamtoka. Musoma tulifikia Kamunyonge, kwa Mama Ester, mwenzangu wa kanisani. Alitupikia ugali wa udaga wa muhogo na samaki sato. Mzee akala vizuri kuliko siku zote, na nilimsikia akimwambia mwanawe, "Mke wa kaka yako ameniandalia safari kama bwana mkubwa." Nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Alfajiri Marwa akarudi na gari la watu, maana walilitaka kazini.

Jumatano saa moja asubuhi makuli wanne walimbeba mzee na kiti chake mpaka ndani ya meli. Kiti kikapita mlangoni kama nilivyopima, nami nikasimama nje, mikono kiunoni, nikingoja sifa zangu. Kuli mmoja akatoa kichwa. "Mama, mzigo wako niuweke kitandani kwako?"

"Kitandani kwangu kupi?"

"Hiki hapa, nyuma ya mlango."

Mungu wangu! Kitanda cha pili! Ukisimama mlangoni hukioni, maana mlango ukifunguliwa unakifunika chote. Ungekiona tu kwa kuingia. Nikaisoma tikiti yangu kwa mara ya kwanza, na namba ilikuwa ile ile ya mzee. Nilikimbia kwa karani, kanga inaburura.

"Ndugu karani, umenilaza na baba mkwe wangu!"

"Nimefuata sheria," akasema, bila kuinua macho. "Mgonjwa asiyejiweza hawekwi peke yake. Msindikizaji analala chumba hicho hicho. Kama msindikizaji hayupo, mgonjwa anashuka. Si ulikuja ukakiona mwenyewe?"

Niliporudi mlangoni mzee alikuwa ameshasikia. Wala hakupaza sauti. Alisema, uso ameuelekeza ukutani, "Nirudisheni nyumbani."

"Baba, daktari anaondoka Ijumaa."

"Aondoke. Mimi nilikuwaga mtu kabla ya nyonga hii, na nitakufa nikiwa mtu."

"Baba, nakuomba..."

"Mama Nyangeta, nimesema. Waite hao walionibeba."

Na makuli, hao! Wakainamia kiti. Nililia pale pale sitahani, mbele za watu, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilimkasirikia karani, nikamkasirikia mzee, na zaidi nikajikasirikia mwenyewe na kamba yangu. Ndipo akatokea mtu mwenye shati la kaki na Biblia kwapani, akauliza kuna nini. Alikuwa Mwinjilisti Mafuru, kutoka vijiji vya rasini, kando ya ziwa, anakwenda Mwanza kwenye mkutano wa kanisa. Nilipomweleza, hakucheka kabisa. "Haya mbona tunayajua sote," akasema. "Mimi nitakaa naye. Karani aandike jina langu." Karani akaandika. Mzee akamtazama Mafuru toka kichwani hadi miguuni, akauliza ukoo wake, akauliza ng'ombe wa baba yake, kisha akawaambia makuli waweke kiti chini.

Saa tatu meli iling'oa nanga. Nilikaa sitahani, mgongo wangu umeegemea ukuta wa chumba, nikawasikia wanaume wawili wakizungumza mambo ya mashamba ya kijiji na nani hajaonekana shambani tangu Pasaka. Mchana nilipeleka uji, nikauacha mlangoni, nikakohoa. Mafuru akauchukua. Nikasema kimoyomoyo, ahsante Mungu, yamekwisha.

Saa tisa alasiri, tukiwa tunaipita Ukerewe, upepo ulibadilika. Ziwa likachafuka. Mafuru akatoka mbio, mkono mdomoni, akaning'inia kwenye kingo za meli. "Mtu wa kando ya ziwa unatapika?" mwanamke mmoja akamtania, na sisi wote tukacheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia kishindo ndani.

Nilifungua mlango. Baba mkwe wangu alikuwa sakafuni. Shuka limebaki kitandani, nguo imempanda, mguu mbovu umejipinda chini yake, na macho yake yananitazama. Nami nikasimama. Nataka niliseme hili waziwazi, maana wengi wamenisifia safari hii bila kujua. Nilisimama kizingitini na miguu ikagoma. Meli ililala upande, ikainuka. Kichwa cha mzee kikagonga kitanda. Ikalala tena, kikagonga tena. Mara nne. Nilihesabu, Mungu ananiona, nilihesabu mara nne huku nimeshika mlango.

Nilivyoingia sikumbuki. Nakumbuka kwamba nilivua kanga yangu ya juu nikamfunika, nikaketi sakafuni, nikakipakata kichwa chake ili kisigonge. Aliufunika uso kwa mkono. Mimi nilitazama dari. Tulikaa hivyo mpaka Mafuru akarudi, rangi imempotea, akaita wenzake wakamnyanyua.

Jioni tulifika Mwanza, na Alhamisi daktari akamfanyia upasuaji. Alipouliza lile jeraha la paji la uso limetoka wapi, nilifungua mdomo, lakini mzee akaniwahi. "Ni ziwa," akasema. Daktari akaandika.

Baada ya wiki sita tulirudi kwa meli ile ile. Safari hii mume wangu alikuwa amepata ruhusa, akalala na baba yake. Lakini kabla ya mzee kupanda, niliomba kukiona chumba, na niliingia. Nilikaa kwenye vitanda vyote viwili, nikalala, nikageuka, nikafungua mlango na kuufunga nikiwa ndani. Nikaona kitanda cha kwanza hakina ubao wa kumzuia mtu asianguke, cha pili kinao. Jambo lile ningeliona siku ya kwanza kama ningeketi pale kwa muda wa kuvuta pumzi tu. Mwenye mgonjwa wa kusafirisha na asikie kwangu: kipimo cha mlango hakikwambii mtu atalalaje. Lala wewe kwanza. Na kama mila yako inakukataza kuingia, mtume anayeruhusiwa, tena mwambie alale.

Butiama tulifika Jumapili. Mzee alishuka garini kwa magongo mawili, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, na watu wakapiga vigelegele. Wiki hiyo hiyo wazee wakakaa, kondoo akaletwa, kwa sababu mzee mwenyewe aliwaambia kuna jambo la kusafisha. Niliulizwa lilivyokuwa. Nikasema yote. Nikasema niliingia, nikasema nilimshika. Kisha nikasema na lile ambalo hakuna aliyeniuliza, kwamba kabla ya kuingia nilisimama nikamwangalia anaumia mara nne. Mume wangu aliinamisha kichwa. Sikuthubutu kumtazama mtu.

Mzee mmoja akamgeukia baba mkwe. "Wambura, una la kusema?"

"Ninalo," akasema. "Nilimwona mlangoni. Meli ilipolala mara ya kwanza, niliomba Mungu asiingie. Ya pili nikaomba hivyo hivyo. Ya tatu nikanyamaza."

Akaligusa kovu la paji la uso.

"Ya nne," akasema, "nikaomba aingie upesi."