Ndoo ya Mama Katika Kitabu cha Bwana Tai

Walimu wengine likizo ikifika hulala mpaka godoro likaomba talaka. Mwalimu wa hesabu huyu, ambaye wanafunzi walimwita Radi kwa jinsi alivyopiga meza, yeye hufua mapazia, akapanga kabati, akamaliza kusahihisha, na siku ya nne akaanza kuikumbuka chaki kama mlevi anavyoikumbuka chupa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama mbele ya ubao uleule, katika chumba chenye madirisha mawili na watoto sitini na mmoja. Mkono wa kulia wa kila gauni lake ulikuwa na weupe ambao hakuna sabuni iliyouweza.

Likizo hiyo hakufika siku ya nne. Siku ya pili, akitoka kuanika nguo, alimkuta binti wa jirani amekaa ngazini anatafuna penseli, kitabu kipya magotini.

"Shangazi, nisaidie hapa. Hesabu hii imenishinda."

Radi akapokea kitabu, akasoma: *Mama alichota maji kwa ndoo ya lita ishirini iliyotoboka chini. Alitembea dakika ishirini na nne mpaka nyumbani. Je, alifika na lita ngapi?*

Mama huyo alikuwa mama yake mzazi. Ndoo hiyo aliijua, ilikuwa ya bluu, imezibwa kwa kipande cha ndala, na bado ilikojoa njia nzima. Swali hilo alilitunga kwa mkono wake, wiki ile aliyotoka kumzika, akaliandika katika daftari lake jeusi pamoja na mengine mia mbili tisini na tisa.

Akageuza jalada. Hapo akachekewa na picha ya Bwana Tai.

Bwana Tai alikuwa mwalimu mkuu wake wa zamani. Walimpa jina hilo kwa sababu hata siku ya kupaka shule chokaa alikuja na tai shingoni. Ndiye aliyezoea kuingia darasani Radi akifundisha, akamkosoa mbele ya watoto, akatoka akipiga mluzi. Miaka kumi na miwili nyuma alimwambia, "Mwalimu, niazime hilo daftari wiki moja tu." Akahamishwa nalo. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kila Radi alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: lilipotea katika kuhama.

Sasa lilikuwa limepatikana, lina jalada la kung'aa na jina la mwizi juu yake. Hasira iliyompanda Radi, wanasema chai iliyokuwa imepoa mezani ilianza kuchemka upya.

Akaenda moja kwa moja kwa shoga yake Mama Pindo, fundi cherehani, aliyekuwa na gari dogo aliloachiwa na marehemu mumewe.

"Shoga, weka mkasi chini. Kuna mtu kamwiba mama yangu."

Mama Pindo akatoa pini mdomoni. "Mama yako si marehemu?"

"Ndiyo uone ubaya wake!"

Nyuma ya kitabu palikuwa na tangazo. Bwana Tai alikuwa amefungua shule yake mwenyewe, mji wa mbali, mwendo wa saa sita, na Jumamosi ile angepokea wazazi wa wanafunzi wapya na kuwaonyesha kitabu chake.

"Unataka nini hasa?" Mama Pindo akauliza. "Radhi? Jina lako juu ya kitabu?"

"Jina nalitaka. Lakini kwanza nataka asimame mbele ya watu, achekwe, kama alivyonisimamisha mimi."

"Hapo umesema. Mafuta ninayo nusu tangi. Kufa hafi, ila cha moto atakiona."

Jumamosi alfajiri wakashika njia. Gari hilo lilikuwa zee kiasi kwamba kwenye kilima kuku walilipita, wakageuka kulitazama kwa huruma. Mlango wa Radi haukufunguka kwa ndani. Mama Pindo, mfupi kama kidonge cha uzi, aliendesha akiwa amekalia mito miwili, na kila baada ya kijiji alisimama kulinywesha gari maji. Radi hakuona mti wala mtu. Alikuwa anasoma kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, akipanga maneno ya kumtukana yule bwana, moja likimuuma ulimi kuliko jingine.

Mara akaanza kucheka. Alicheka mpaka Mama Pindo akasimamisha gari.

"Mwenzangu, umepatwa na nini?"

"Kayanakili yote kama yalivyo!"

"Sasa la kuchekesha ni lipi?"

Radi akamweleza. Wanafunzi wake walikuwa na vidole virefu. Akitoka darasani dakika moja tu, wanalichungulia daftari na mtihani umekwisha. Kwa hiyo akajifunza kuandika kila swali pungufu, akiacha namba moja kichwani, na kuitaja siku yenyewe mbele ya ubao. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

"Ona la ndoo. Inavuja kiasi gani kwa dakika? Haikuandikwa. Bila hiyo hata malaika hawezi kulifanya. Na huyu nyuma kaandika jibu: lita kumi na sita! Kabuni tu. Maswali mia tatu, majibu mia tatu, yote ya kupiga ramli."

Mama Pindo akatia gea. "Basi matusi yako yaweke. Mimi ndiye nitakayeuliza."

Walikuta ukumbi umejaa wazazi, viti vya plastiki, ubao mpya, na meza yenye vitabu vilivyopangwa kama matofali. Radi akajifunika mtandio mpaka kwenye nyusi, akakaa nyuma. Bwana Tai alikuwa amenenepa na tai pia imenenepa. Alieleza jinsi alivyokesha miaka mingi akitunga maswali yale, "moja baada ya jingine, kwa jasho langu."

Mama Pindo akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Mjukuu wangu ni mzito wa hesabu, kanirithi mimi. Hebu tufanyie moja hapo ubaoni tuone. Hili la mama na ndoo."

"Hilo ni jepesi sana, mama yangu," akasema Bwana Tai, akashika chaki.

Akaandika ishirini. Chini yake ishirini na nne. Akatoa, ikakataa. Akafuta. Akagawanya, ikatoka kitu chenye mkia. Akafuta kwa kiganja, akajifuta uso kwa kiganja kilekile, akawa mweupe kama aliyefufuliwa.

Mzazi mmoja wa mstari wa mbele akasimama. "Mwalimu, mimi ni fundi bomba. Hiyo ndoo inavuja kiasi gani?"

"Hilo... mwanafunzi anatakiwa afikirie."

"Afikirie au aote? Mimi mteja akiniambia bomba linavuja, nauliza linavujaje. Na hapa nyuma umeandika kumi na sita. Umezipata wapi?"

Kicheko kikaanza kwa mbele, kikasambaa mpaka mlangoni. Ndipo Radi akavua mtandio.

"Robo lita kwa dakika," akasema.

Bwana Tai akageuka. Chaki ikamdondoka.

"Andika, Mkuu. Dakika ishirini na nne, robo robo, zimemwagika lita sita. Alifika na kumi na nne. Najua, kwa sababu nilikuwa nikimngoja mlangoni. Ndoo ilikuwa ya mama yangu, na daftari lilikuwa langu. Haya, tuendelee na swali la pili."

"Mwalimu... twende tukazungumze ofisini."

"Ofisini ndiko nilikokukabidhi daftari. Leo tuzungumze hapahapa."

Akampitisha maswali tisa. Hakumtajia namba nyingine hata moja. Wazazi walikuwa wakiinuka mmoja mmoja, wakirudisha vitabu mezani, na yule fundi bomba akakirudisha cha kwake kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya.

Walipokuwa wanaondoka, Bwana Tai akaja mbio mpaka kwenye gari, tai imepinda begani, daftari jeusi mkononi.

"Lichukue. Nitachapisha upya, jina lako peke yake juu. Ila Mwalimu, nitajie hizo namba. Zile mia mbili tisini na tisa."

Radi akalipokea daftari, akaliweka mapajani. Akamtazama toka viatu mpaka utosi.

"Zitakuja," akasema. "Ondoa gari, shoga."

Kijiji cha kwanza wakasimama kulinywesha gari maji. Kisha Mama Pindo akashindwa kuvumilia.

"Si ulitaka jina lako? Kakupa, umekataa!"

"Daftari nitalichapisha mwenyewe, siyo kwa mkono wake. Yeye nataka akose usingizi tu."

"Na hizo namba unazikumbuka zote?"

"Nusu. Nyingine zilishanitoka. Ila yeye hajui."

Tangu hapo, kila likizo, Radi humtumia Bwana Tai kadi yenye namba moja tu, bila kusema ni ya swali gani. Wanasema bwana yule huijaribu kwenye maswali yote, moja baada ya jingine, kwa jasho lake. Ya kwanza ilikuwa thelathini na saba. Hiyo ni saizi ya kiatu cha Mama Pindo.