Wajukuu wa Mnyapara

Jumamosi nilikwenda Magongo, kwenye ukumbi mdogo ambako wasomaji walialikwa kuijadili riwaya mpya kuhusu watu waliokamatwa zamani wakalazimishwa kuchimba barabara ya mkoloni. Msomaji wa kwanza kusimama alisema babu yake alichapwa. Wa pili akasema wake alichapwa zaidi. Bwana mmoja wa tai nyekundu alilia kabisa, akajipangusa kwa kitambaa huku jicho moja liko kwa mpiga picha.

Akainuka bibi aliyeketi kando yake.

"Babu yangu mimi ndiye alokuwa mnyapara. Hicho kiboko alikishika yeye. Kwetu jina hilo ni sifa, hata mjukuu wangu twamwita Mnyapara, kwa lakabu ya mzee. Sasa kitabu nimekisoma. Mtoto akiniuliza maana ya jina lake, nimwambie nini, wanangu?"

Bwana wa tai nyekundu akasogeza kiti chake, akamwacha bibi peke yake. Mwenyekiti akakohoa.

"Mama, leo twawazungumzia waliochapwa. Hayo yako ni ya nyumbani."

"Na hao walochapwa, baba, walichapwa na nani?"

Mwenyekiti akamwita msomaji mwingine. Bibi akaketi, akauvuta mtandio hadi usoni.

Kwa nilivyosikia siku ile, wanyapara wote wa pwani walikufa bila kuzaa, isipokuwa mzee wa yule bibi. Maskini, mkono wake ulichoka kweli, kuwachapa babu zetu sote peke yake.