Isale Lililokwenda Machame

Kampuni ilipoacha kupeleka michango yetu kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, hakuna rubani aliyejua. Karatasi ya mshahara ilionyesha makato kila mwezi, na sisi ni watu wa kuamini kinachoonyeshwa. Tuligundua siku mwenzetu mmoja alipofikia umri wa kustaafu, akaenda dirishani kufuata mafao yake, akaambiwa mwajiri wake hajaonekana hapo muda mrefu. Alidhani wamekosea jina. Tukaenda wengine, kila mtu akaulizia la kwake, jibu likawa lile lile.

Tuliandika barua ya pamoja kuuliza pesa ziko wapi. Hatukujibiwa. Tukaandika ya pili, tukisema haturuki mpaka tujibiwe, na hiyo ilijibiwa upesi. Wote tuliosaini tulisimamishwa kazi, tukaambiwa tungoje kikao cha nidhamu baada ya sikukuu, kosa letu likiwa kukataa amri halali. Atakayefukuzwa kwa utovu wa nidhamu asahau kiinua mgongo, na habari ya michango itaangaliwa baadaye. Hilo “baadaye” lilinichefua kuliko yote yaliyoandikwa pale.

Basi nikaenda Old Moshi kwa mama kula Krismasi, kama kila Mchaga mwenye nauli.

Kwetu mtoto wa kike hapewi kihamba, yaani shamba la urithi. Shamba la migomba na kahawa, pamoja na nyumba ya wazazi, lilikwenda kwa kaka yangu, kitinda mimba wetu, na sina kinyongo naye. Ananipokea vizuri, na mke wake hunitandikia kitanda cha wageni. Ninachokasirikia ni hilo neno wageni, maana nilizaliwa kwenye nyumba hiyo. Sikuolewa, na tangu nilipopata leseni nilijiambia kwamba mafao ndiyo kihamba changu. Nikistaafu nitanunua kiwanja, nijenge nyumba yangu, nipande migomba yangu, na atakayekuja nitamtandikia mimi. Ndiyo maana nilisaini ile barua bila kusita. Ndiyo maana pia niliogopa, ingawa mbele ya wenzangu nilijifanya mtu wa mzaha.

Mama alisikia habari yote jikoni, akimenya ndizi za mtori. Hakuniuliza hata swali moja. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli. Shirika lake lilipovunjwa aliambiwa mafao yake yanashughulikiwa, akawa anavaa koti lake jeusi na kwenda kuyafuata, mara nyingi kiasi kwamba koti lilichakaa kwa kazi hiyo moja. Alikufa yakiwa bado yanashughulikiwa. Mimi nilidhani mama ananisikiliza mimi, kumbe alikuwa anamsikiliza baba.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi mama alisema anakwenda sokoni Moshi. Alichukua kikapu, nikamwamini. Alasiri simu yangu ikaita. Alikuwa rubani mkuu, bosi wetu, yule yule aliyesaini barua za kutusimamisha. Naye ni mtu wa mlimani, wa Machame, na alikuwa amekuja kwa mama yake kwa sikukuu.

“Dada, mama yako alikuwa hapa kwetu,” alisema. “Amekuja na isale.”

Isale ni mmea wa majani marefu unaoota kwenye mipaka ya vihamba vyetu. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa hawezi kukataa kusamehe, hata kosa liwe la damu. Hata watoto wetu waliozaliwa mjini, wasiojua neno la Kichaga, hilo wanalijua.

“Nimepokea,” bosi aliendelea. “Kati yangu na wewe yameisha. Kwenye kikao nitasema umekubali kosa, urudi kazini. Michango yako nitaifuatilia mwenyewe.”

“Na wenzangu?”

“Wenzako nao wana mama zao.”

Kupeleka isale ni kukiri. Nikirudi kazini kwa njia hiyo, kikao kitakuwa na rubani aliyekwisha kukiri kosa la wote, na wenzangu wataondoka mikono mitupu kwa sababu yangu. Nikikataa, nimemfanya mama yangu mtu anayechezea isale kwenye nyumba ya watu. Aliporudi nilimpandishia sauti, jambo ambalo kwetu halifanywi.

“Mama, umeniombea radhi kwa kosa gani?”

“Sijui. Si wewe uliyesimamishwa?”

“Kusimamishwa siyo kukosa!”

“Baba yako naye hakukosa,” alisema, huku akivua viatu. “Alipata nini?”

Nikatoka nje kwa hasira, nikaenda kumsaidia kaka kukatia ng'ombe majani.

Aliyesamehewa hualikwa, akala na kunywa na aliyemsamehe. Siku iliyofuata Krismasi tukaenda Machame, mama akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mama yake bosi alikuwa mzee kuliko mama yangu, amekaa kwenye sofa na blanketi miguuni. Kichaga cha Machame na cha Old Moshi vinaelewana kwa shida, kwa hiyo akina mama wale walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikiona cha mwenzake kibovu. Tuliletewa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata. Isale lilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa amekata tawi zima lenye shina, lisije likanyauka njiani.

“Shikamoo mama,” nilimwamkia.

“Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unarusha ndege?”

“Ndiyo mama.”

“Huogopi?”

“Ndege siiogopi.”

Bosi alicheka kidogo. “Mama, sisi tumeshamaliza. Tunywe tu.”

“Mmemaliza nini? Isale limeletwa mimi nikiwa kanisani, na kosa sijasikia likitajwa.” Akanigeukia. “Mwanangu, taja kosa lako, tulimalize vizuri.”

Kabla ndege haijaondoka, rubani mmoja husoma orodha ya ukaguzi na mwingine hujibu kwa sauti, hata kama wote wawili wanaona swichi iko mahali pake. Nimefanya hivyo maisha yangu yote ya kazi, na bibi yule nilimjibu kwa sauti hiyo hiyo.

“Niliuliza michango yangu ya uzeeni, iliyokatwa kwenye mshahara, ilipelekwa wapi.”

“Halafu?” bibi aliuliza.

“Hatukujibiwa. Tukakataa kuruka.”

“Halafu?”

“Basi, mama.”

Bibi akamtazama mwanawe. “Ilipelekwa wapi?”

Bosi akasema hayo ni mambo ya ofisi, kwamba kampuni ilikuwa na hali ngumu, mafuta yalipanda, ilibidi kwanza ndege ziruke. Sidhani alikuwa anadanganya. Siyo mwizi, ni mwajiriwa kama mimi, na hata michango yake mwenyewe haikupelekwa. Nilikuwa nalijua hilo, na yeye alijua kwamba ninalijua.

Bibi alinyoosha mkono, akachukua isale, akamwekea mwanawe magotini. “Mpe mama yake huyu.”

Hakuna aliyekunywa. Nilimwonea huruma, na nilitamani kwa moyo wangu wote ainuke atembee zile hatua chache. Alilishika isale kidogo, akalirudisha mezani taratibu, akasema anakwenda kuangalia nyama. Alibaki huko nje mpaka tulipoaga. Mama akalitia isale kwenye kikapu chake, tukarudi nyumbani.

Januari tulifukuzwa wote. Kwenye kikao hakuna aliyetaja isale. Shauri letu liko kwa wasuluhishi mpaka leo, na kila nikipiga simu naambiwa linashughulikiwa. Nimefurahi kwamba nilifukuzwa pamoja na wenzangu, ila furaha hiyo hailipi kodi ya nyumba. Nilirudisha funguo Dar es Salaam, nikahamia Old Moshi, kwenye kitanda cha wageni.

Mama alikuwa ameliweka isale kwenye jagi la maji dirishani, likatoa mizizi. Mvua za masika zilipoanza alituita, mimi na kaka, upande wa chini wa kihamba, nyuma ya banda la ng'ombe. Isale ndilo pia alama yetu ya mpaka, na likishapandwa hakuna anayelisogeza. Alianza kuchimba shimo mwenyewe.

“Kutoka hapa mpaka kwenye mfereji,” alimwambia kaka, “ni pa dada yako.”

Kaka alipatazama. Pangetosha nyumba ndogo na migomba michache. Akamwondolea mama jembe mkononi, akaendelea kuchimba.

“Mama, usimkatie kaka shamba lake,” nilisema. “Pesa zangu zitatoka tu.”

Mama alisimika isale, akashindilia udongo kwa mguu.

“Hata baba yako alikuwa anasema hivyo hivyo,” alisema, akaenda kukata lingine la kona ya pili.