Lipiko Chini ya Kitanda

Kaltham binti Aflah hakuwa mtu wa kupekua vitu vya watu. Miaka ishirini alipokea wagonjwa katika zahanati moja ya Aija, ng'ambo ya khori la Sur, mkono wa bahari huko Umangani. Alisikia siri za nusu ya mji, na hakuna hata moja iliyotoka kinywani mwake. Basi ukiambiwa alifungua sanduku la kaka yake, ujue alikosea sanduku.

Ilikuwa mwaka 2003. Daktari alikuwa amemrudisha Amur nyumbani, maana dawa hazikuwa na kazi tena. Wakamlaza majlisi ili wageni wamfikie kwa urahisi. Asubuhi moja alimwomba dada yake aitoe sanda aliyoileta kutoka Makka, aianike juani. "Imo sandukuni," akasema, na usingizi ukamchukua.

Chumbani kwa Amur mlikuwa na masanduku mawili, moja juu ya kabati na jingine chini ya kitanda. Magoti mabovu ya Kaltham hayakutaka kupanda, akaanza na la chini. Rawya, bintiye, alifungua kamba.

Ndani, chini ya magunia, mlikuwa na kichwa. Kilichongwa kwa mti mwepesi, wazi kwa chini ili mtu akivae kama kofia. Usoni kilichorwa chale kwa nta, na juu kilibandikwa nywele za mtu. Sikio moja lilikuwa limemeguka.

"Mama, hii kitu nini?" Rawya akarudi nyuma. "Hii sanamu. Haram, wallahi. Malaika hawaingii nyumba hii."

Kaltham alikuwa amekaa sakafuni, mkono kinywani. Sikio lile alilijua.

Baba yao alikuwa Mmanga wa Sur mwenye duka Newala, mama yao Mmakonde. Mama alipofariki, wajomba walimchukua Amur wakamtia jandoni kwao, baba akanuna na hakuweza kitu. Wari, yaani vijana waliotahiriwa, wakitoka jandoni, mapiko hucheza, wachezaji waliovaa vinyago kama kile. Lipiko, kinyago hicho cha kichwani, si pambo. Wanawake huambiwa kwamba ni maiti aliyetolewa kaburini, naye hufukuza akina mama na watoto uwanja mzima. Wanaume peke yao hujua kwamba ndani mna mtu, na huapa kwamba mwanamke hatajua kamwe. Wanawake nao hujua, tena sana, lakini hukimbia na kupiga kelele kwa dhati, maana hiyo ndiyo sehemu yao. Bila wao kukimbia, hakuna aliyefufuka.

Kaltham alikuwa na miaka tisa, bado hajui lolote. Siku ya ngoma aliikimbia maiti yenye sikio lililomeguka, akaanguka, akashindwa kuinuka. Maiti ikasimama. Badala ya kumtisha ikakaa vumbini mbele yake, ikatikisa kichwa polepole, huku na huku, mpaka mtoto aliyefiwa na mama akacheka. Tangu siku hiyo aliamini kwamba marehemu mama yake ndiye aliyeituma ile maiti. Hata alipokuwa mtu mzima na kuyajua ya mapiko yote, hilo moja hakutaka kulijua.

Kumbe aliyekuwa ndani ni Amur. Miaka arubaini na nane wamekula sahani moja, Newala hata Sur, na hakusema. Kaltham alilia kwa uchungu kwamba mama hakutuma mtu, kisha akalia zaidi kwa kuwa kaka alikuja bila kutumwa.

"Funga," akamwambia Rawya. "Hukuona kitu. Hata mimi sikuona."

Rawya akaitoa sanda katika sanduku la juu, Kaltham akarudi nayo majlisi. Amur alikuwa macho, na uso wake ulikuwa umebadilika kwa hofu.

"Dada, umefungua lipi?"

"La juu ya kabati."

"Na la chini ya kitanda?"

"Lile lina nini? Sina kazi nalo."

Amur aliapa jandoni kuitunza siri hiyo angali kijana, na sasa hakuwa na kitu kizima cha kwenda nacho kaburini ila kiapo hicho. "Nikishaondoka, wanaume walichome lilivyo," akasema. "Lisifunguliwe."

"Litachomwa lilivyo, inshallah."

Amur akashusha pumzi. Kaltham alimfuta jasho, akaketi karibu na mto.

"Kaka, unamkumbuka yule maiti wa Newala? Yule aliyekaa nami vumbini?"

Mkono wa Amur ulitulia juu ya shuka. "Namkumbuka."

"Alinifaa sana siku ile. Sikupata kumshukuru, na mimi sijui walimrudisha kaburi gani."

Machozi yalimtiririka Amur mpaka masikioni, asiyafute.

"Mimi ndiye ninayekwenda huko," akasema. "Nitamfikishia."