Gharama ya Kupimiwa Unyevu Riyadh

Miaka minne niliyomwendeshea gari bosi wangu wa Riyadh, nilimwona akibishana bei ya nyanya, bei ya tikiti maji, na bei ya mfuko mmoja wa saruji ya kuziba ufa wa ukuta. Bei ya kuhudumia karavani hakuwahi kubishana hata siku moja.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba ndogo nyeupe ya magurudumu mawili, ya kuvutwa nyuma ya gari. Aliiagiza kutoka Ulaya baada ya kuona shemeji yake anayo. Ndani mlikuwa na vitanda vinne, jiko la gesi, friji, na choo ambacho madam alikipiga marufuku kabla hakijatumika. Baridi ikianza, familia ilikuwa ikienda nayo jangwani Alhamisi jioni. Wakaota moto, wakanywa kahawa, wakapiga picha. Kisha madam angesema upepo unaitikisa na yeye hawezi kulala ndani ya kitu kinachotikisika, wakarudi nyumbani kwa gari la pili na kuniacha nikiilinda. Kwa hiyo mtu pekee aliyewahi kulala humo mpaka asubuhi ni mimi. Magodoro yalikuwa mazuri sana.

Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi wa matela Nakuru kwa miaka tisa. Wakala aliniambia viza za ufundi zimekwisha, za udereva zipo, nami nikaja kama dereva. Kwenye ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, pakaandikwa dereva wa nyumbani, na bosi aliamini kwamba kilichoandikwa kwenye ikama ndicho pekee kilichomo kichwani mwa mtu.

Kila mwaka kabla ya msimu wa jangwani, karavani ilipelekwa kwenye gereji moja kubwa nje kidogo ya mji. Kuita mahali pale gereji ni kuvitukana vioo vyake. Kulikuwa na makochi ya ngozi, kahawa ya bure, na meneja aliyevaa ovaroli jeupe lisilo na tone la oili. Miaka miwili ya kwanza nilikaa kwenye makochi yale nikanywa kahawa yao na kusinzia, wala sikuuliza wanafanya nini kule nyuma. Nasema hili ili nisionekane nilikuwa mwerevu tangu mwanzo.

Mwaka wa tatu bosi alikuja mwenyewe, kwa sababu tulikuwa tunajiandaa kuivuta karavani mpaka Jeddah, kwenye nyumba ya familia ya madam iliyoko Al-Hamra. Meneja alimsomea orodha ya kazi: breki, magurudumu, gesi, umeme, mabomba ya maji, na kupima unyevu. Jumla, riyali elfu tatu na mia nane. Unyevu peke yake ulikuwa riyali mia nne.

Nikashindwa kunyamaza. "Unyevu gani?" nikauliza.

Meneja akamjibu bosi, si mimi. Akaeleza kuwa kule zinakotengenezwa karavani hizi, mvua hupenya kwenye viungo vya kuta na mbao zikaoza ndani kwa ndani. Kwa hiyo kuna kifaa cha kupimia kila kona. Akakionyesha. Kilikuwa na taa ya kijani.

Riyadh midomo inapasuka. Nguo ukiianika, unapomaliza kuanika ya mwisho ile ya kwanza imekauka. Tangu karavani ile ifike, ilikuwa imenyeshewa mara moja, kwa dakika kumi.

"Fanyeni yote," bosi akasema. "Kama Ulaya."

Wiki hiyo hiyo dada aliyefanya kazi ndani ya nyumba, Mkenya mwenzangu kutoka Taita, alikuwa amemwomba bosi miwani. Yake ilikuwa imevunjika miezi mitatu nyuma, mtoto aliikalia kwenye kochi. Tangu hapo alikuwa akichambua mchele kwa kuuinamia kama anaunusa, na ujumbe wa wanawe ulipoingia kwenye simu alinipa mimi nimsomee jikoni, pamoja na mambo ambayo mtoto hamwandikii mama yake ili dereva ayasome. Bosi alimwambia, "Mwezi ujao, inshallah." Mwezi uliopita pia alimwambia mwezi ujao.

Kabla ya kuikabidhi karavani nilifanya jambo moja. Ili fundi azione breki za ndani, lazima ang'oe gurudumu, atoe kifuniko kidogo cha chuma katikati, afungue nati kubwa na kuvuta ngoma ya breki. Nati ile ikishafunguliwa hairudishwi, inawekwa mpya. Nikachukua kalamu, nikachora mstari mwembamba kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye ngoma, magurudumu yote mawili. Kifuniko kikitolewa, mstari hauwezi kukutana tena.

Baada ya siku tatu nikaenda kuichukua. Iling'aa, imeoshwa hadi matairi yamepakwa dawa ya kung'arisha. Nikapewa jalada zuri lenye karatasi sita na alama za vema kila mstari. Breki: vema. Ngoma zimefunguliwa na kusafishwa: vema. Nati mpya: vema. Unyevu: hakuna.

Nikachuchumaa kando ya gurudumu. Mstari wangu ulikuwa palepale, umenyooka kama nilivyouchora. Upande wa pili vivyo hivyo.

Nilimweleza bosi jioni, nikamwonyesha mstari kwa tochi ya simu. Alitazama mstari, akatazama jalada, akanitazama mimi.

"Wewe ni dereva au injinia?"

"Bosi, nilikuwa fundi wa matela. Hawajafungua hapa."

"Wale wana kompyuta," akasema. "Wewe una kalamu." Akacheka kwa jinsi alivyopendezwa na jibu lake, akaenda kumsimulia madam. "Niachie mimi nifungue, kwa muda wa saa mbili tu," nikasema nyuma yake. Akageuka. "Halas, basi. Usiguse. Ukigusa, dhamana ya gereji inakufa."

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Bosi mbele kando yangu, madam na watoto wawili katikati, dada nyuma kabisa na mabegi. Njia ya Jeddah ni ndefu, na ukivuta nyumba inakuwa ndefu zaidi. Bosi alisinzia, akaamka, akaniuliza kwa nini malori yanatupita. Nikamwambia breki za tela naziona nzito, kama kitu kinatuvuta nyuma. Akasema ni upepo.

Tulikuwa bado hatujafika Taif dada aliposema, kwa Kiswahili, "Kaka, kuna kitu kinaungua."

"Anasema nini?" madam akauliza.

"Anasema kuna harufu ya kuungua."

"Mafi, hakuna kitu," bosi akasema. "Ni malori."

Dada akasema tena, safari hii kwa Kiarabu chake cha jikoni, na kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa wenye nyumba. "Baba, si lori. Ni sisi. Simama." Niliwasha taa ya pembeni bila kungoja ruhusa, nikaingia ukingoni.

Gurudumu la kushoto lilikuwa linafuka moshi. Ukisogeza kiganja karibu ulihisi joto kama la jiko la mkaa. Breki ilikuwa imejikaza na kubaki imekaza, haiachii, na tulikuwa tumeiburuta hivyo kilomita sijui ngapi. Tairi lilikuwa limeanza kulainika upande wa ndani. Kando tu ya hapo, kwenye ukuta wa karavani, ndipo palipokuwa na mitungi miwili ya gesi, imejaa.

Nilimwambia bosi awapeleke watoto mbali. Kwa mara ya kwanza alifanya nilichomwambia bila kuniuliza kazi yangu ni nini. Nikatoa mitungi, nikaiweka mchangani mbali na barabara. Tukangoja chuma kipoe, zaidi ya saa nzima, madam amesimama kwenye kivuli cha gari na mkoba wake kichwani. Kisha nikaingia chini, nikalegeza breki ya gurudumu lile kwa bisibisi mpaka likazunguka huru. Nikamwambia bosi tutakwenda polepole, kwa breki ya upande mmoja, na Jeddah nitatafuta mtu wa kuifungua.

"Dhamana..." akaanza.

"Bosi, ungependa nirudishe ilivyokuwa?"

Akaigeukia mitungi mchangani. Madam ndiye aliyejibu: "Yalla, twende."

Tulipanda gari. Dada alikuwa amemshika mtoto mdogo mapajani. Madam akageuka nyuma akamwambia ahsante, neno ambalo nalikumbuka kwa sababu ya uadimu wake. Dada akamjibu palepale, kwa upole kabisa: "Madam, pua yangu inafanya kazi. Macho ndiyo hayafanyi."

Miwani ilinunuliwa siku ya tatu baada ya kufika Jeddah. Wageni walipokuja Al-Hamra, madam alimwita dada sebuleni waione, akawaeleza bei yake. Dada alisimama pale na sinia la tende, akiwaona wote vizuri sana.

Mimi nilipewa riyali elfu moja na kuambiwa nitafute fundi. Nilikwenda Al-Hindawiyah, mtaa wa wafanyakazi wageni hapo Jeddah, kwa Myemeni mmoja mtu mzima aliyekuwa na kibanda kati ya duka la matairi na mama wa Kichadi anayepika karanga. Hakuwa na makochi. Aliketi juu ya pipa. Aling'oa kifuniko, na mstari wangu wa kalamu ukakatika kwa mara ya kwanza. Nati ilikuwa ileile ya kiwandani, bado ina rangi ambayo wanapaka ili ujue haijaguswa. Alipovuta ngoma, mchanga ulimwagika miguuni mwake. Nauita mchanga, lakini ulikuwa laini kama unga wa ngano, umechanganyika na kutu, wa misimu mitatu ya kuota moto jangwani.

"Hii ilihudumiwa lini?" Myemeni akauliza.

"Wiki iliyopita."

Alinitazama aone kama namfanyia mzaha. Kisha akacheka hadi akashika goti, akamwita jirani wa matairi aje aone, na jirani naye akacheka. Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa nawaza zile kahawa nilizokunywa miaka miwili bila kuuliza kitu.

Tulisafisha pande zote mbili, mimi nikiwa chini pamoja naye, mikono ikirudia kazi yake ya zamani. Akaweka nati mpya na bitana mpya za breki. Vyote, na chai, riyali mia tatu na hamsini.

Nilirudi Al-Hamra nikampa bosi chenji riyali mia sita na hamsini, nati ya zamani na mfuko mdogo wa ule mchanga. Nilidhani atakasirikia gereji ya Riyadh. Nilijiandaa hata na maneno ya kumsaidia kukasirika.

Alihesabu chenji mara mbili. "Mia tatu na hamsini?" akasema.

"Ndiyo, bosi."

"Wapi?"

Nikamwambia. Uso wake ukawa kama nimemwambia nimepeleka familia yake kula jalalani. "Kazi ya mia tatu na hamsini haiwezi kuwa kazi," akasema. Mchanga hakuufungua. Kesho yake aliniamuru niipeleke karavani kwenye gereji nyingine kubwa, ya Jeddah, yenye vioo vingi kuliko ile ya kwanza, wakague alichofanya Myemeni.

Wakakagua. Breki hawakuzikuta na kasoro. Lakini Jeddah si Riyadh. Kule Al-Hamra hewa ya bahari inakulowesha shati ukiwa umesimama tu, na karavani ilikuwa imekaa uani siku sita madirisha wazi. Meneja wao alipita na kifaa chake kona hadi kona, na kila kona taa iliwaka nyekundu. Unyevu! Kuta zitaoza. Lazima viungo vyote vifunguliwe, vikaushwe, vizibwe upya. Riyali elfu sita na mia mbili.

Nilimwambia bosi kwamba tukirudi Riyadh utakauka wenyewe, bure, kabla hatujafungua mlango.

"Umeona sasa?" akaniambia, na alikuwa na furaha ya kweli. "Wewe na Myemeni wako hamkuliona hili."

Alilipa. Karavani ilikaa gerejini wiki tatu, familia ikarudi Riyadh kwa ndege, nami nikabaki kuingoja, nikilala kwa Wakenya wenzangu Al-Hindawiyah, wanaume saba chumba kimoja. Mlinzi mmoja wa Kitui aliniuliza nimelipwa nini kwa kuokoa familia nzima. Nikamwambia nimeruhusiwa kuendelea kuendesha. Akasema mimi ni mjinga, ningeiacha karavani iwake. Sikukubaliana naye, watoto walikuwa ndani. Lakini baadhi ya siku, nikipita barabarani mbele ya vioo vile, nilijikuta napiga hesabu ambazo Mkristo hapaswi kupiga.

Mkataba wangu ulipokwisha mwaka uliofuata, bosi aliniomba niongeze. Nikamwambia nimechoka. Akaleta dereva mpya, Mganda, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha malori ya Mombasa hadi Kampala. Nilipewa siku mbili za kumfundisha. Nilimwonyesha jinsi ya kuunganisha tela, kuifunga mitungi, kurudi kinyumenyume langoni bila kugusa ukuta. Halafu nikamwambia kila ikitoka kwenye huduma kwa wale wenye vioo, asubiri bosi asafiri, afungue ngoma mwenyewe asafishe, afunge na nati mpya, asimwambie mtu.

Mganda alikuna shingo. "Sasa hao wenye vioo tunawalipa kwa kazi gani?"

"Kwa makochi," nikamwambia.

Alidhani natania, akangoja nimalizie. Nikamkabidhi ufunguo na jalada, ambalo kwa wakati huo lilikuwa nene kama kitabu cha shule, nikaenda kufunga begi langu.