Mpunga wa Bi Zuhura na Beki wa Uswisi

Nakumbuka alasiri moja nilipoacha mpunga wa mjane uliwe na ndege, kwa sababu kuna mtu wa Uswisi alikuwa anacheza mpira. Ndiyo, mwanangu, umesikia sawasawa. Uswisi. Mimi ambaye safari yangu ndefu ni kuvuka daraja la Ndundu kwenda Ikwiriri, na nikishafika tu naanza kuulizia gari la kurudi.

Jina la yule beki sitalitaja. Hana kosa, bwana wa watu. Nilianza kumsikia redioni, baadaye nikawa namfuatilia kwenye simu kama mtu anayengoja jibu la posa. Nilijua baba yake alikuwa mkamua ng'ombe katika kijiji cha mlimani. Nilijua timu ya kwanza ilimkataa kwa ufupi wake, akaenda Ujerumani akakaa benchi misimu miwili, akavunjika mguu, akapona, akacheza beki wa kushoto wa taifa lake mpaka nywele zikaanza kumpungua. Watoto wangu mwenyewe sikujua wako darasa la ngapi mpaka nimuulize mama yao. Kijiweni waliniita Profesa wa Uswisi, nami na kidato changu cha nne nikaitikia bila haya. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro, umri ambao mtu hujiita kijana kwa kujipendelea.

Shamba langu la bondeni limepakana na la Bi Zuhura, mke wa marehemu rafiki yangu. Ndiyo maana tunaitana shemeji. Mpunga ukianza kutia maziwa, sisi huhamia bondeni tukakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, tuwinge ndege. Kwelea hawana huruma. Huja asubuhi, hupumzika jua likiwa kali, hurudi alasiri. Mtu mmoja hawezi kukaa juu siku zote, basi majirani hupeana zamu, na mwenye zamu hulinda la kwake na la mwenzake.

Siku hiyo binti mdogo wa Bi Zuhura aliamka na homa kali. Mama yake alinipitia chini ya dungu, mtoto mgongoni, anakwenda hospitali Kibiti.

"Shemeji, nakuachia mpaka nirudi kesho. Ndicho chakula chetu cha mwaka hicho, mimi na wanangu watatu."

"Nenda na amani, shemeji. Ndege atakayetua hapa, mama yake atamlilia!"

Akacheka, akaenda. Na asubuhi ile, sijisifu, nililinda. Kisha nikafinyanga vidonge vya udongo vya kombeo, nikavipanga kwenye dungu kama maandazi ya kuuza, viwe tayari kwa alasiri.

Lakini alasiri hiyohiyo, saa kumi, beki wangu alikuwa anaichezea nchi yake mara ya mwisho. Nikajiambia nitatazama kipindi cha kwanza tu. Mwanangu, neno "tu" limefukarisha watu wengi. Nikashuka, nikapanda baiskeli, nikafika kwenye kibanda cha kuonyesha mpira kule barabarani. Mwenye kibanda, Mshamu, akanipokea kwa sauti ya mnadani.

"Profesa! Shamba umemwachia nani?"

"Nimemwachia Mungu."

"Mungu hana kombeo, Profesa!"

Kibanda kizima kikacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Kipindi cha kwanza kikaisha, nikabaki. Karibu na mwisho yule bwana akatolewa, uwanja mzima umesimama, na mtangazaji akasema kwamba miaka yote hiyo sifa yake kubwa ilikuwa moja: hakuwahi kuiacha nafasi yake. Nikapiga makofi. Ndiyo, mwanangu, nilipiga makofi.

Niliporudi bondeni, ndege waliinuka kwenye shamba la Bi Zuhura kama moshi wa chaka linaloungua. Suke lililojaa huinama. Yale yalikuwa yamesimama wima, mepesi, yanatikisika kwa upepo mdogo. Langu hawakuligusa. Nilichelewa kupanda kwa uvivu, mpunga wangu ulikuwa haujachanua. Uvivu wangu ukaniokoa mimi, ukamwacha mwenzangu.

Hapo bado nilikuwa na nafasi ya kuwa mtu. Sikuitumia. Bi Zuhura aliporudi kesho yake nikamwambia kwelea walikuja kama wingu, nimevurumisha kombeo mpaka bega likateguka. Nikalishika na bega lenyewe, la kulia, nikakunja uso. Alipanda dunguni, akavikuta vidonge vyangu vyote pale nilipovipanga, vikavu, hakuna hata kimoja kilichotupwa. Akaokota kimoja, akakitazama, akakirudisha mahali pake taratibu. Akashuka.

"Pole na bega, shemeji."

Basi. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi. Yangu haikufika hata ngazi ya dungu. Siku kadhaa baadaye akaniletea bakuli la pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa na kutwangwa, kautoa kwenye vile visuke alivyobakiwa navyo. Akasema ni dawa ya bega. Mke wangu akala na watoto, wakasifu. Mimi nilitafuna kijiko kimoja, nikalisukuma bakuli kwa watoto. Jioni ileile kabla ya magharibi nikaenda kwake, nikakaa chini, nikasema yote: mpira, kibanda, makofi, bega. Nilipovuna nikampelekea nusu ya mpunga wangu. Alipokea bila kunishukuru, na alifanya haki. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha.

Mwanangu, sikukatazi mpira. Mpende Mswisi, mpende Mbrazili, jua mpaka jina la ng'ombe wa baba yake. Ila mtu akikuachia amana, kaa nayo mpaka arudi. Na kama umekwisha kuiacha, usimwongezee mwenzako hasara kwa uongo. Mpunga huota tena mwakani, uso wako mbele ya jirani hauna msimu wa pili. Kikulacho ki nguoni mwako: Bi Zuhura hakuliwa na kwelea, aliliwa na shemeji yake.

Mungu akujaalie macho ya kuona kilicho mbele yako kabla ya kilicho ng'ambo, akupe majirani wema, na akufanye uwe mmoja wao. Amina.

Limebaki neno moja nililoliruka makusudi, maana mpaka leo linanichoma. Jioni ile nilipomaliza kuungama, nilijitetea kidogo, nikasema lakini shemeji, ndege nao walikuwa wengi mno mwaka huu. Bi Zuhura akaniangalia, akasema:

"Ndege walikuwa na njaa, shemeji. Wewe ulikuwa na nini?"